Alama ipi itamrudisha ng'ombe wako nyumbani?

"Shikamoo daktari. Nafanya kazi Dodoma mjini, lakini nina ng'ombe kijijini, wilaya ya Kongwa, ambao kaka yangu mkubwa anawaangalia pamoja na wake. Wangu walikuwa 34, wote wa asili isipokuwa majike manne chotara. Mwezi uliopita waliibwa watatu usiku mmoja. Siku ya tisa kaka alimkuta mtamba wetu mnadani: mwekundu, ana baka jeupe chini ya kifua, na ncha ya sikio la kushoto imekatwa mshazari kama marehemu baba alivyokuwa akikata. Mtu aliyekuwa na mtamba huyo akajibu kwamba hata kwao wanakata hivyo hivyo, na kwamba wekundu wenye baka wako wengi. Mtendaji akauliza tuna uthibitisho gani, hatukuwa na kitu. Mtamba sasa amefungwa kwa mwenyekiti wa kijiji hadi shauri liamuliwe. Naomba unisaidie: kati ya chapa ya moto, hereni na kukata sikio, ipi ni bora? Nimeambiwa hereni za kielektroniki zinaonyesha ng'ombe alipo kwenye simu, ni kweli? Kaka hataki chapa, anasema ni kumtesa mnyama na kuharibu ngozi. Na huyu mtamba, tufanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Kuibiwa ni msiba. Kusimama mbele ya ng'ombe uliyemwona akizaliwa ukaambiwa huna uthibitisho ni msiba mwingine, na kwangu huo wa pili unauma zaidi kwa sababu ulikuwa na kinga. Nimekuwa daktari wa mifugo kwa muda wa kutosha kuwaona wafugaji wakitoka mnadani mikono mitupu huku ng'ombe wao wanapandishwa lori.

Unauliza alama ipi ni bora. Lakini angalia kilichowapata: mtamba wenu alikuwa na alama tayari, na kaka yako aliisoma bila shida. Aliyeshindwa kuisoma ni mtendaji, ambaye hakumjua baba yenu wala mkono wake. Mwenye mali hahitaji alama. Anamjua ng'ombe wake hata gizani, kwa mlio na kwa mwendo. Alama inawekwa kwa ajili ya mtu baki: askari wa wilaya nyingine, mkusanya ushuru wa mnada, hakimu. Akiitazama, aweze kufika kwenye jina lako kabla hujafungua mdomo. Njia zote ulizotaja nitazipima hivyo.

Kukata sikio ni njia ya wazee wetu na ilikuwa na akili yake. Gegedu la sikio likishakatwa halioti tena, kwa hiyo pengo hubaki mpaka mnyama anakufa. Haina gharama, na ndama hupona haraka. Kwa Wamaasai mkato wa sikio huenda pamoja na chapa ya ukoo, na mtu wa ukoo huo akiiona mahali isipotarajiwa atauliza. Ngamia wa Wasomali, Warendille na Wagabra kaskazini mwa Kenya nao hubeba alama za koo. Waarabu wa jangwani huiita alama hiyo wasm, na neno letu "msimu" limezaliwa na mzizi huo huo wa Kiarabu, wakati uliotiwa alama. Sasa, nguvu ya alama hizo haikutoka kwenye kisu. Ilitoka kwa wasomaji. Kila mtu aliyenywesha kwenye kisima kile alizijua zote, na alijua pia nani ana ugomvi na nani.

Leo ng'ombe akiibwa usiku hupakiwa gari, na kesho kutwa anaweza kuwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ambako hakuna anayezijua familia za Kongwa. Isitoshe, mikato yenyewe ni michache: ncha, ukingo wa juu, ukingo wa chini, tundu la katikati, basi. Katika kata moja familia kadhaa zitagongana, na ndicho alichokitumia yule bwana mnadani. Kisha alama ya sikio hufutwa kwa kisu kile kile kilichoiweka: mwizi hukata chini zaidi, akasema ni fisi. Mkitaka kuuendeleza mkato wa baba kwa heshima yake, uendeleeni, lakini uwe mdogo, na msiupe kazi ya ushahidi. Hauiwezi.

Nije kwenye chapa ya moto, ambayo kaka yako haitaki. Kila unywele una shina lake ndani ya ngozi. Chuma chenye joto linalotosha, kikigusa kwa sekunde tatu hadi tano, huliunguza shina hilo na pale hapaoti manyoya tena. Gaga hutoka baada ya wiki kadhaa, linabaki kovu tupu ambalo hutanuka kadiri mnyama anavyokua. Njia hii ni ya kale mno. Michoro ya makaburi ya Misri inaonyesha watu wakiwachoma ng'ombe chapa maelfu ya miaka iliyopita. Imedumu kwa sababu mtu huisoma akiwa hatua kadhaa, bila kifaa chochote, na haidondoki porini.

Lakini chapa inaweza kuchezewa, na wafugaji wengi hawalijui hili. Mwizi mwenye subira hafuti chapa, anaiongezea. I huwa T. P huwa R. C huwa O, 3 huwa 8. Kwa hiyo unapochagua herufi zako, chukua kalamu ukae ujaribu kuzigeuza wewe mwenyewe kabla mwizi hajajaribu. Herufi zenye vyumba vilivyofungwa, kama B, A na 8, zina ubaya mwingine: joto hukusanyika katikati, ngozi yote ya ndani huungua, na mwaka mmoja baadaye unaona doa tu. Fundi mzuri wa kuchomelea huacha mwanya mdogo pale mistari inapokutana. Anayeshuku kwamba chapa imechezewa amwite daktari: tunanyoa manyoya pale, tunailowesha ngozi na kuipapasa kwa vidole. Kovu la miaka limelala na kulainika, la juzi limeinuka na bado lina wekundu.

Kaka yako anasema inaumiza na inaharibu ngozi. Yote mawili ni kweli, na sitamwambia vinginevyo. Ni jeraha la moto. Ng'ombe hupata maumivu makali wakati ule na pale hubaki pakiuma kwa siku kadhaa. Tunachoweza ni kuyapunguza: daktari amchome dawa ya maumivu kabla, mnyama abanwe vizuri kwenye kibanio asihangaike, chuma kiguse mara moja na kutoka. Chapa mbaya nyingi nilizoziona zilitokana na chuma, mnyama hakuwa na kosa. Watu hudhani chuma chekundu ndicho kizuri. Kikiwa chekundu huwasha manyoya, huteleza na kuchimba kidonda. Kikiwa cheusi hakijafika, utalazimika kurudia, na kurudia ndiko kutesa kwenyewe. Rangi inayotakiwa ni ya majivu. Ukiinua chuma, ngozi iwe na rangi ya kahawia ya mkanda wa ngozi, hapo umemaliza. Wala usimchape mnyama aliyeloa kwa mvua au umande, kwani maji hugeuka mvuke na mvuke huunguza kote kuzunguka herufi.

Kuhusu ngozi: eneo analolitaka mtengeneza viatu ni mgongo, mbavu na juu ya makalio, na bahati mbaya ndiko wengi wanakopiga chapa kwa sababu panaonekana. Ipigeni chini, kwenye mguu, chini ya mstari ambao ungeuchora kutoka kiwiko cha mbele kwenda goti la nyuma, au shingoni. Ngozi ya huko ina thamani ndogo kiwandani hata bila chapa. Kwa ng'ombe mkubwa herufi za urefu wa kama sentimita 10 zinatosha. Kwa ndama chuma kiwe kidogo, kwani kovu litakua naye.

Ipo pia chapa ya baridi, ambayo hukuitaja. Ilibuniwa na Keith Farrell huko Washington State University, Marekani, mwaka 1966. Chuma hupozwa kwenye kimiminika cha naitrojeni, chenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha hushikwa juu ya ngozi iliyonyolewa kwa muda mrefu kuliko cha moto. Baridi hiyo huua chembe zinazotoa rangi na kuliacha shina la unywele likiwa hai, ndipo nywele huota tena zikiwa nyeupe. Juu ya ng'ombe mweusi au mwekundu inasomeka vizuri ajabu, na maumivu yake ni madogo kuliko ya moto. Ng'ombe mweupe haimfai, labda chuma kishikwe muda mrefu zaidi hadi shina nalo life. Shida ni naitrojeni yenyewe. Wataalamu wa uhimilishaji huibeba kwenye mitungi yao kwa ajili ya kuhifadhi mbegu, na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, Arusha, lakini kwa zizi la ng'ombe 31 kijijini Kongwa gharama na usumbufu vitakushinda. Nimeitaja ili ujue ipo, hasa kwa wale chotara wanne kama ni weusi.

Sasa hereni, na hapa nataka nikuondoe kwenye kosa ambalo linaweza kukugharimu. Hereni ya kielektroniki haikuonyeshi ng'ombe alipo. Hakuna simu itakayokuchorea njia yake. Ndani ya hereni hiyo kuna chipu ndogo na waya uliozungushwa, bila betri. Imelala, haitumi chochote. Mtu akisogeza kifaa cha kusomea, kifaa hicho hurusha mawimbi ya kilohezi 134.2, mawimbi huamsha chipu, chipu hujibu kwa namba yake ya tarakimu 15, kisha inalala tena. Umbali wa kusoma ni sentimita kadhaa, na kwa vifaa vikubwa vya kwenye vibanio huongezeka kidogo. Hereni zinazotumia namba ya nchi huanza na tarakimu tatu za nchi husika: 834 ni Tanzania, 404 ni Kenya, 800 ni Uganda. Kinachoweza kukuonyesha mnyama alipo ni kifaa kingine kabisa, mkanda wa shingoni wenye betri unaowasiliana na satelaiti au minara ya simu, na bei yake kwa mfugaji wa kawaida haizungumziki. Mwizi naye huukata kwanza.

Basi hereni inasaidia nini? Namba yake ina mwenyewe. Mkato wa sikio unaweza kufanana na wa jirani, baka jeupe linaweza kufanana, lakini namba ile ni ya ng'ombe mmoja, na daftari la serikali linasema ng'ombe huyo ni wa nani, wa kijiji gani. Ndiyo maana Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 imeunganisha mambo hayo matatu katika jina lake. Najua zoezi lenyewe limekuwa na mapito. Wafugaji walipigishwa chapa kwa wingi mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa 2018, baadaye zikaja hereni za kulipia zilizozua malalamiko, na Juni 2025 ikazinduliwa Bariadi, Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi. Mfugaji aliyepitia yote hayo ana sababu ya kuchoka. Hata hivyo nakusihi: kama kampeni haijafika kwenu, mfuate afisa mifugo wa kata umwulize itafika lini, na ikifika usimtume kijana wa kuchunga. Nenda wewe au kaka yako, mhakikishe jina lililoandikwa mbele ya kila namba ni la nani. Ng'ombe wako na wa kaka wanachungwa pamoja. Ng'ombe wako wakisajiliwa kwa jina lake, leo hakuna tatizo, ila siku ya mirathi litakuwepo.

Udhaifu wa hereni ni kwamba hutoka. Miiba huing'oa, waya huikamata, na mwizi huikata kwa sekunde moja. Hata hivyo tundu hubaki, na tundu la hereni lisilo na hereni ni swali ambalo mkaguzi makini wa mnada anapaswa kuliuliza. Kule kaskazini mwa Tanzania, ng'ombe waliochanjwa ndigana kali, ugonjwa hatari unaoletwa na kupe, huvishwa hereni, na wanunuzi wamezoea kumlipa zaidi mwenye hereni hiyo kwa sababu wanajua hatakufa kirahisi. Wafugaji wa huko huitunza hereni kama mali.

Kuvisha kuna namna yake, nami nilijifunza kwa aibu. Mwanzoni mwa kazi yangu niliwavisha ndama wa mzee mmoja hereni karibu na ncha ya sikio, nimezibana hadi mwisho. Masikio yalikua, hereni hazikukua. Nilipopita mwaka uliofuata wengi walikuwa na masikio yaliyochanika vipande viwili, na yule mzee hakunilaumu, jambo lililoniumiza zaidi. Mahali pake ni theluthi ya kati ya sikio, katikati ya mbavu mbili za gegedu, mbali na mishipa mikubwa ya damu ambayo utaiona ukiliangaza sikio juani. Uache nafasi kati ya hereni na sikio. Mrudie baada ya siku kumi umtazame.

Nchi nyingine zimejaribu kuiweka namba mahali ambapo kisu hakifiki. Botswana, iliyohitaji kuuza nyama Ulaya, ilianza na kidonge kizito cha kauri chenye chipu, ambacho ng'ombe humezeshwa kikakaa tumboni maisha yake yote. Mwizi hakitoi bila kuchinja. Lakini kwa macho hakionekani, na baadaye Botswana yenyewe ikahamia kwenye hereni.

Lililobaki ndilo la bei nafuu kuliko yote, na ndilo ambalo lingemrudisha mtamba wako siku ile ile. Ni daftari. Katika kesi za wizi, mahakama zetu humtaka anayedai mali aeleze alama zake maalumu kabla hajaonyeshwa mali hiyo. Akishaonyeshwa kisha akaanza kuelezea, maelezo yana uzito gani? Hata mimi naweza kumwelezea ng'ombe niliyesimama mbele yake. Kwa hiyo maandishi yaliyoandikwa kabla ya wizi yana nguvu ambayo kumbukumbu ya kaka yako, hata iwe sahihi namna gani, haiwezi kuwa nayo.

Nunua daftari gumu. Kila ng'ombe apewe ukurasa wake: jina au namba, jinsia, mwezi aliozaliwa au kununuliwa, mama yake ni nani, rangi, mabaka yako wapi, pembe zimekaaje, makovu, chapa, namba ya hereni, chanjo. Waliozaliwa zizini waandike wiki ile ile. Walionunuliwa, bandika stakabadhi ya mnada. Kisha chukua simu: piga picha ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, uso kwa mbele, na pua. Ndiyo, pua. Ngozi ile yenye unyevu kati ya matundu ina mistari na vijivimbe ambavyo havifanani kwa ng'ombe wawili, kama alama za vidole vyetu, na wataalamu wamekuwa wakiitumia kutambua ng'ombe kwa zaidi ya miaka 100. Ifute kwanza kwa kitambaa kikavu, mtu amshike kichwa, upige karibu pakiwa na mwanga wa asubuhi. Zitume picha hizo kwa kaka na kwa mke wako siku hiyo hiyo, ili tarehe ibaki kwenye simu tatu. Mara moja kwa mwaka mpelekee mtendaji daftari alione na kuligonga muhuri. Hilo la muhuri si lazima kisheria, ni busara yangu tu, lakini nimeona linavyobadilisha sauti ya mazungumzo.

Kwa hali yako, mimi ningefanya hivi. Wiki hii, kabla ya kitu kingine, daftari na picha kwa wote 31, pamoja na wa kaka. Kisha hereni za usajili kwa wote, kupitia afisa mifugo. Kisha chapa moja ya familia, iliyosajiliwa, kwenye mguu, kwa ng'ombe wa asili wanaolala zizi la wazi na kwenda malisho ya mbali. Chapa isiyosajiliwa ni kovu tu. Anza na ofisi ya mifugo ya wilaya ndipo uende kwa fundi wa kuchomelea, kwa sababu herufi unazozitaka huenda zina mwenyewe. Wale chotara wanne, kama wanakaa bandani na kukamuliwa kila siku, ningewaacha na hereni na picha bila chapa. Na kama una mbuzi au kondoo, usiwaguse kwa moto. Ngozi yao ni nyembamba mno. Kaka akikataa chapa kabisa hata baada ya kusikia haya, msigombane. Hereni na daftari vinawafikisha mbali, mradi mkubali kwamba hereni ikikatwa mtabaki na picha tu.

Mkinunua ng'ombe mwenye chapa ya mtu, msiichome juu yake ili kuifuta. Hata kama mmemnunua kihalali, chapa iliyofunikwa inaonekana kama kazi ya mwizi. Wekeni yenu pembeni na mtunze stakabadhi ya mauzo inayoitaja ile ya zamani.

Chagueni majira ya kiangazi, asubuhi, wakati nzi ni wachache. Mnyama mgonjwa, aliyekonda, au jike aliyekaribia kuzaa, mwacheni. Na tafadhali msilitembeze koleo la hereni au kisu chenye damu kutoka sikio hadi sikio bila kukiosha na kukitia dawa ya kuua vijidudu kwa kila mnyama. Ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa damu, husafiri pia kwa damu iliyobaki kwenye vifaa, na nimeshawahi kuitwa kwenye zizi ambalo lilianza kuugua majuma machache baada ya siku ya kukata masikio. Pakeni iodini kwenye kidonda na dawa ya kufukuza nzi pembeni yake. Kwa siku kumi za kwanza waangalieni kila jioni. Sikio lililovimba na kulegea, harufu mbaya, usaha, au funza: mwiteni mtaalamu siku hiyo. Mnyama aliyekakamaa miguu, anayeshindwa kufungua taya, huenda ana pepopunda, na huyo hasubiri kesho. Ng'ombe mwenye homa, aliyeacha kula, mwenye ufizi uliopauka, naye apimwe damu. Na chapa ya kwanza katika familia yenu ipigwe na mtu aliyewahi kuipiga, kaka akiwa pembeni anatazama.

Turudi kwa mtamba. Msiende kumchukua kwa nguvu, hata mkiwa na hakika. Wizi wa mifugo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu, na mahali pake ni polisi; mkimchukua wenyewe mtageuka washtakiwa katika kesi yenu. Kama hamjafungua jalada, fungueni leo, na muwataje pia wale wawili ambao bado hawajaonekana, rangi na pembe zao. Kaka aandikishe maelezo ya mtamba yote anayoyakumbuka ambayo hayaonekani kwa haraka: kovu la kamba, chuchu ya ziada, mkia uliowahi kukatika, chochote. Mwulizeni mchungaji pia, maana yeye ndiye anayelala nao. Tafuteni mashahidi wasio ndugu, jirani wa malisho, mtu wa josho, aliyewachanja. Na mwombeni mwenyekiti, kwa adabu, kwamba mtamba asiuzwe, asihamishwe wala asikatwe sikio tena hadi polisi wamwone.

Kisha nieleze jambo moja ambalo barua yako haikusema: mama yake bado yuko zizini? Kama yupo, usimuuze, hata shida iwe kubwa. Vinasaba vya mama na mtoto vinaweza kulinganishwa kwa nywele chache tu zilizong'olewa na mizizi yake, na yule bwana hawezi kuleta mama mwingine. Nywele hizo zisitolewe na nyinyi. Mwombeni mpelelezi aagize zichukuliwe na daktari wa mifugo wa wilaya mbele ya pande zote mbili, za mama na za mtamba, kila moja kwenye bahasha yake iliyofungwa na kusainiwa. Na upekue simu yako mwenyewe, na za watoto. Siku ya harusi, siku ya kukamua, siku mgeni alipokuja kutembelea: ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kifuani amesimama nyuma ya watu, na picha ina tarehe.